Taa Isiyowaka kwenye Pikapu ya Mangi

Asubuhi ile ya Jumamosi, mbele ya duka la vyombo la Mangi Elinami, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, tulikuwa watu sita. Nawataja wote, maana kila mmoja alikuwa na sehemu yake katika jambo hili. Elinami mwenyewe, mtu wa Machame, muuza masufuria na sahani kwa jumla, mwenye pikapu nitakayoisimulia. Mkewe, Mama Ndeshi, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa kwenye droo ya pesa ya duka, na hakuna kifuniko cha sufuria kilichotoka mlangoni bila yeye kukiona. Shabani Mfaume, dereva wao kwa miaka kumi na mmoja, ingawa siku hiyo hakuwa tena dereva wao. Bwana Kantilal, Mhindu mzaliwa wa hapa hapa mjini, mwenye gereji ya Gerezani niliyofanyia kazi, sisi tukimwita Kanti. Mwinjuma, mtu wa betri pale gereji, ambaye baadaye alimwoa mdogo wangu Saumu akawa shemeji yangu. Na mimi, Mwanaidi binti Omari, msuka nyaya za alteneta, kile kifaa cha injini kinachochaji betri.

Kuna wapita njia na makuli waliosimama kusikiliza, hao siwahesabu. Walisimama kwa sababu watu wa Kariakoo husimama.

Nitafika hapo dukani. Lakini nyie vijana mnaoshika spana leo hamnijui, na mkisikia bibi wa darasa la nne anasema alikuwa fundi umeme wa magari mtadhani anajikuza. Basi niwaambie nilivyoingia.

Nilikuwa nasuka nywele, barazani kwa shangazi yangu Mwanahamisi, Ilala. Siku moja napita Gerezani natoka kumsalimia mgonjwa, nikaona kibao kimeandikwa kwa rangi nyekundu: HAPA TUNASUKA. HARAKA NA IMARA. Nikasema, huyu msusi ana majivuno, lakini anaonekana ana wateja, maana magari yamepangana nje. Nikaingia na kitana changu na uzi mweusi kwenye mkoba. Ndani naona wanaume watupu, wamejaa grisi mpaka viwiko.

Mwinjuma ndiye aliyenipokea. "Karibu mama. Umeleta mota?"

"Nimeleta mikono," nikamwambia. "Natafuta kazi. Nasuka."

"Unasuka nini?"

"Twende kilioni, mabutu, rasta. Chochote unachotaka."

Jamani, walicheka. Mwinjuma alikaa chini kabisa, kwenye mafuta yale. Mpaka anaingia kaburini alikuwa akiniita Msusi, hata mbele ya mkwe wangu. Ila Kanti hakucheka. Alitoka kule nyuma na kipande cha mota kilichofungwa nyaya za shaba, akaniwekea mkononi, akaniuliza, "Hii imesukwaje?"

Nikaufuata waya kwa ukucha. Unaingia hapa, unaruka matundu matatu, unarudi chini, unaruka tena. Nilipofika upande wa pili nikamwambia, "Aliyesuka hapa alikuwa anaongea na mtu. Tundu hili amelirudia, na lile kaliacha." Kanti akakichukua, akakigeuza kwenye mwanga, akakiangalia muda mrefu. Kilikuwa kimesukwa na yeye mwenyewe.

Kesho yake nikaja kazini.

Kusuka nilijua, basi. Gari sikulijua. Hilo ndilo nataka mlishike, maana mikono yangu ilikuwa mbele na akili inafuata nyuma, na watu wa hivyo ndio wanaoharibu. Mwezi wa kwanza tu alikuja mzee wa teksi, Mzee Ngwali, anasema chaji hakuna. Mimi nikaifungua alteneta yake, nikatoa waya wote, nikausuka upya siku mbili, mpaka najisifu. Tukaifunga, chaji hakuna vilevile. Kanti akaja, akabonyeza mkanda kwa dole gumba, katikati ya puli na puli. Mkanda ukaingia kama godoro.

"Unazungukaje huo?" akaniuliza. "Unateleza. Alteneta ilikuwa nzima, wewe umemfumua mtu mzima na kumfunga upya kwa sababu mkanda wake ulilegea."

Tangu siku hiyo nilipewa utaratibu, nami nawapa nyie. Gari la zamani likija na betri imekufa, anza kwa macho: vichwa vya betri vina ule unga mweupe au wa kijani? Vioshe kwa maji ya moto, ukwangue mpaka uone risasi inang'aa. Kisha mkono: tikisa waya wa ethi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi, na ule unaotoka kwenye injini. Nimeshaona gari limefungwa ethi kwa waya wa kuanikia nguo. Kisha mkanda, ubonyeze, uingie kama upana wa kidole, usizidi. Kisha pua: alteneta iliyoungua inanuka kama nywele zilizopitiwa na pasi, na hapo msusi sihitaji kufundishwa. Mwisho kabisa ndiyo mita. Betri iliyotulia ikupe volti kumi na mbili na nusu hivi. Injini ikinguruma, ipande kumi na nne au karibu yake. Ikibaki palepale kumi na mbili, haichajiwi.

Nyie mnachomeka waya chini ya usukani, kimashine kinawaandikia ugonjwa. Sikatai, ni kitu kizuri. Lakini pikapu ya Mangi ingekuja leo, haina hata pa kuchomeka.

Ilikuwa pikapu ya kijani iliyopauka, ya zamani hata wakati ule, kabla mabasi ya mwendokasi hayajafikiriwa kupita Gerezani. Shabani aliipenda kama yake. Alikuwa mtu mwembamba, msafi, anafuta vioo kwa gazeti kila anaposimama. Akaja siku moja, Kanti hayupo, wana sikukuu yao kubwa amekwenda hekaluni.

"Da Mwanaidi, habari za hapa. Taa ya kumulika spidi imekufa. Alfajiri nikienda kupakia mzigo sioni kitu."

Nikafungua dashibodi. Nyuma yake kuna globu ndogo ndogo, zimepangwa mstari, kila moja na kazi yake. Ya spidi ilikuwa nyeusi, imeungua. Globu ya saizi ile wiki hiyo ilikuwa imeadimika. Mwinjuma alikwishazunguka maduka ya spea mawili matatu, akarudi mikono mitupu. Nikaangalia ule mstari. Moja ilikuwa nyuma ya alama ya betri, nzima kabisa, inang'aa kama haijawahi kutumika.

Nikamuuliza Shabani, "Hii taa nyekundu ya betri huwa inawaka?"

"Nikiwa barabarani? Sijawahi kuiona imewaka."

"Miaka yote hiyo?"

"Miaka yote hiyo, namshukuru Mungu."

Akavuka barabara kwenda kunywa chai. Nami nikaichomoa ile globu isiyowaka, nikaiweka kwenye spidi. Alivyorudi, spidi inamulika kama mbalamwezi. Akafurahi, akanishukuru, akaondoka. Sikumwambia nimeitoa wapi. Sikuona kuwa ni jambo la kusema. Nilijiona mjanja: taa haiwaki, haina kazi, mpe mwenye kazi.

Mnaojua mmeshaguna. Msiojua, subirini kidogo, nami nilisubiri.

Haikupita wiki, pikapu ikaamka imekufa mbele ya duka. Makuli wa Sikukuu wakaisukuma mpaka ikashika. Shabani akaileta. Mwinjuma akaichaji betri, Kanti akawasha injini, akapiga resi kama kawaida yake, vuu, vuu, akaweka mita. Kumi na nne. "Alteneta nzima," akasema. "Betri yenu imezeeka." Elinami akanunua mpya.

Ile mpya nayo ikafa. Ikarudi. Safari hii nikashuku kazi ya mikono yangu, kwa kuwa alteneta ile niliwahi kuisuka mwaka uliotangulia. Nikaifungua, nikaisuka upya, nikaizungusha kwenye meza ya kujaribia, ikatoa umeme vizuri. Tukaifunga. Kanti, vuu, vuu, kumi na nne. Ikaenda, ikafa.

Ikaingia Desemba. Elinami na familia wakapanda na pikapu mpaka Machame, Shabani anaendesha. Haikusumbua hata mara moja. Kule baridi, usiku unaganda, asubuhi ikawaka kwa mguso mmoja. Wakarudi salama. Siku ya tatu tangu kuanza kuzunguka na masufuria mjini, foleni hii na foleni ile, ikafa.

Elinami akaja gereji mwenyewe. Alikuwa mtu wa sauti ndogo, ukimwona anaongea kwa sauti ndogo zaidi ujue ana hasira.

"Kanti, nieleze. Moshi betri haifi. Kariakoo inakufa. Tofauti ni nini?"

"Sijui, Mangi. Sijawahi kuona."

"Mimi nimeiona tofauti. Moshi nilikuwa nimekaa naye kwenye kiti. Hapa mjini anakuwa peke yake."

Akawa anamaanisha Shabani anaitoa betri, anaikodisha kwa wenye teksi, na kurudisha iliyochoka. Mambo hayo yalikuwepo mjini, sisemi hayakuwepo. Kanti akanyamaza. Mwinjuma, kwa kuwa betri zilipita mikononi mwake na hakutaka lawama imwangukie, akasema, "Inawezekana, Mangi. Mimi nikiitoa hapa imejaa." Neno moja hilo tu. Nami nilikuwa pale, na waya mkononi, na sikusema kitu, maana nilichokifikiria mimi ni afadhali haikuwa alteneta yangu.

Shabani alifukuzwa siku iyo hiyo, mbele ya duka, mchana, wateja wamejaa. Sikuwepo, Mwinjuma ndiye aliyenihadithia. Elinami alimwita jina lake lote, Shabani Mfaume, akamwambia, wewe ni mwizi wa betri. Shabani akazitua funguo ndani ya sufuria lililokuwa juu ya meza, zikalia ngaa, akaondoka kwa miguu kuelekea Mnazi Mmoja. Hakubishana. Watu wakasema, mnaona, hana la kujitetea.

Siku nne baadaye niko kwenye meza ya kujaribia. Meza yetu ilikuwa na mota ya kuzungusha alteneta kwa mkanda, na betri pembeni, na kati ya betri na alteneta kuna waya umening'inia globu. Nimemaliza kusuka ya lori, naizungusha, haitoi kitu. Mita imelala. Nikaifungua, nikaikagua, kila tundu liko sawa. Nikamwita Kanti, nikamwambia nimekosea mahali.

Akatupa jicho mara moja tu. "Globu imeungua."

"Naona, Bwana Kanti. Lakini globu si inaonyesha tu?"

"Nani alikuambia inaonyesha tu?"

Akabadilisha globu. Ikawaka nyekundu, alteneta ikazunguka, mita ikapanda, globu ikazimika.

"Hizi koili zako, hizi nyaya unazosuka, zinalala," akasema. "Haziwezi kutoa umeme mpaka zionjeshwe umeme. Ule wa kuonja unapita humu, ndani ya globu. Ukiitoa globu, umefunga mlango. Labda uzungushe kwa nguvu sana, kwa resi kubwa, ndiyo zinaamka zenyewe. Kwenye gari ni hivyo hivyo, ile taa nyekundu ya dashibodi. Ukifungua swichi kabla ya kuwasha injini inawaka, chaji ikianza inazimika. Ikizimika ndiyo imemaliza kazi."

Hapo nikaona yote kwa mara moja: resi za Kanti, vuu, vuu, zinaiamsha alteneta hapa gereji kila akiipima. Barabara ya Moshi, resi ya kutwa, imeamka. Foleni ya Msimbazi, gari linajikokota, injini inanguruma chini chini, alteneta imelala fofofo na betri inaliwa peke yake. Na Shabani, ambaye kama madereva wote alikuwa anazungusha funguo mara moja mpaka mwisho, hasimami katikati kutazama taa gani inawaka na ipi imepotea. Nami nilimuuliza swali la barabarani, akanijibu la barabarani.

Sikumwambia Kanti. Nilikwenda duka la spea nikatafuta globu, safari hii zilikuwepo tele. Nikaenda Sikukuu, pikapu imeegeshwa, anaiendesha mpwa wa Elinami. Nikasema nimekuja kuangalia waya wa spidi. Nikafungua, nikaiweka globu nyuma ya alama ya betri, nikafunga. Dakika kumi hazikufika. Mama Ndeshi akanipa maji ya baridi, akanishukuru kwa kujali.

Nikajiambia, gari limepona, yamekwisha.

Sasa sikilizeni lilivyogeuka. Betri haikufa tena. Wiki ikapita, nzima. Elinami akaja gereji na kreti la soda juu ya pikapu ile ile.

"Mnaona?" anasema, na sasa sauti imepanda, amefurahi. "Ametoka yeye, betri imepona! Miaka kumi na mmoja nimelisha mwizi."

Kabla ya hapo kulikuwa na watu wenye mashaka. Walikuwepo waliosema Shabani si mtu wa hivyo. Siku ile mashaka yaliisha. Mimi ndiye niliyeyamaliza, kwa globu yangu. Nilivyoitengeneza pikapu kimyakimya nikawa nimemthibitishia Elinami wizi wa mtu ambaye hakuiba. Mwinjuma akanifungulia chupa. "Kunywa, Msusi." Nikanywa.

Nilikaa na jambo hilo siku tisa. Sitawadanganya kwamba nilikuwa nahangaika kwa ajili ya Shabani peke yake. Nilikuwa najihesabia mimi. Mwanamke peke yangu katika gereji ile, na kila siku kuna mteja anauliza, "Huyu mama ndiye atakayeshika gari langu?" Nikisema niliyoyafanya, wangesema walijua.

Siku ya kumi nikamwambia Kanti. Alikuwa anakunywa chai yake ya tangawizi. Akaiweka chini.

"Mangi anajua?"

"Hajui."

"Mwinjuma?"

"Hajui mtu."

Akajipangusa uso kwa leso. "Mwanaidi, mteja akisikia tulichomoa kitu kwenye gari lake, kesho atauliza tumechomoa nini kingine. Mtaa mzima utauliza." Akaikunja leso. "Tumwambie globu iliungua. Tukaiona, tukaibadilisha. Si uongo mkubwa. Shabani anarudi kazini, sisi tunabaki na kazi."

Nikaona ni jambo la busara. Nawaambia ukweli, nilifurahi. Nikamwomba ruhusa nikamwambie Shabani kwanza habari njema.

Nilimpata Mchikichini, amepanga viatu vya mitumba kwenye turubai, anavipaka rangi moja moja, kwa usafi wake ule ule. Hakuinuka.

"Da Mwanaidi. Unatafuta saizi gani?"

"Nimekuja na habari, Shabani. Pikapu tumeujua ugonjwa wake. Ilikuwa globu ya taa ya betri. Ilitolewa, na bila ile chaji haiingii."

Akaendelea kupaka rangi. "Ilitolewa."

"Ndiyo. Tutamwambia Mangi iliungua, utarudi kazini."

"Mara ilitolewa, mara iliungua. Ilitolewa na nani, Da Mwanaidi? Upepo?"

Nikainamia viatu vyake.

"Siku ile unaniuliza kama inawaka," akasema, "nikaenda kunywa chai." Akakigeuza kiatu, akaangalia soli. "Mimi sikuambiwa betri iliibwa. Ningeambiwa betri iliibwa ningesaidia kutafuta. Niliambiwa Shabani Mfaume ni mwizi. Kwa jina, na la baba yangu juu. Mke wangu akienda kuchota maji wanamuuliza kama kwetu taa zinawaka kwa betri. Sasa nyie mnataka kumpelekea Mangi globu iliyoungua yenyewe?"

"Unataka tufanye nini?"

"Sitaki kazi. Nataka lisemwe pale pale liliposemwa. Na lisemwe lina mwenyewe."

Mteja akaja akauliza bei ya viatu vyeusi, Shabani akamhudumia, akamfungia kwenye mfuko, akamtakia siku njema. Mimi bado nimesimama. Akanitazama. "Jumamosi saa nne watu wanakuwa wengi," akasema.

Nilirudi nikamweleza Kanti. Nilitegemea anikatalie. Alimaliza chai yake, kisha akasema atakuja na yeye, kwa sababu siku ile ya neno la Mwinjuma alinyamaza. Mwinjuma alivyosikia alinitukana kwanza, matusi ya kweli, nyie nitawasitiri nayo. Akaenda akakaa kwenye betri zake. Jumamosi asubuhi nikamkuta amevaa shati safi, ananisubiri getini. "Twende, Msusi. Na mimi nilisema pale."

Ndipo tukawa watu sita.

Elinami alitoka nje akidhani tumekuja kununua masufuria. Nikasema. Nilianza na spidi, nikaeleza globu, nikaeleza foleni na Moshi. Makuli wakasogea. Nikasema na yale ya baada ya Shabani kufukuzwa, nilivyokuja kuirudisha kimya na kunywa soda. Mwinjuma akasema la kwake, kwa ufupi, anatazama chini.

Mama Ndeshi alikuwa ametoka kwenye droo, jambo ambalo sijawahi kuliona mchana. "Aisee," akasema. "Na soda tukawanywesha!" Watu wakacheka, na mimi namshukuru mpaka leo kwa kicheko kile.

Elinami hakucheka. Alimtazama Shabani, akatazama pikapu, kisha akaingia ndani akatoka na funguo.

"Basi, Shabani. Chukua. Mambo yaishe."

Shabani akazipokea. Akaingia kwenye gari, akafuta usukani kwa kiganja, akazungusha funguo nusu, akasimama hapo. "Mangi, njoo uone." Elinami akainama dirishani. Sote tukachungulia. Taa ya betri ilikuwa inawaka, nyekundu.

"Ikiwaka hapa, kabla ya injini, ujue mlango uko wazi," Shabani akasema. "Injini ikishika, izimike. Siku usipoiona hapa, usimtafute mtu. Mtafute fundi." Akawasha. Ikazimika. Akazima injini, akashuka, akamrudishia funguo mkononi, si ndani ya sufuria. Akampa Mama Ndeshi mkono. Akaenda zake Mchikichini kwenye viatu.

Elinami hakusema samahani. Alisema mambo yaishe, na kwa watu wengi hayo ni mamoja. Sijui kwa Shabani yalikuwa nini. Najua hakurudi kuendesha, na najua Mama Ndeshi aliwanunulia watoto wake wote viatu vya shule kwake, mwaka hadi mwaka, bila kupatana bei.

Kanti hakunifukuza. Alininyima dashibodi mwaka mzima. Wateja wawili walituhama, wa tatu akahama akarudi. Nikaendelea kusuka pale mpaka macho yaliposhindwa kuliona tundu la waya.

Basi, vijana, gari la zamani likija, zungusha funguo nusu na hesabu taa kabla hujagusa spana. Ile isiyowaka, uliza kwanza ilikuwa na kazi gani.

Sasa nawaomba jambo. Majina nina uhakika nayo, na mtaa, na saa. Ninachokitilia shaka ni neno langu mimi. Nakumbuka nilisema, "Niliitoa mimi, Mwanaidi." Nalisikia kabisa. Lakini nilikuwa natetemeka, na ulimi wa fundi umezoea kusema imekatika, imeungua, ilitolewa. Mwinjuma ametangulia, Kanti naye, Shabani naye, Mangi na mkewe nao, sina wa kumuuliza. Kama wewe ulikuwa umesimama Mtaa wa Sikukuu asubuhi ile, au kama ni nyie Zuhura na Hamisi wa Shabani na baba yenu aliwahadithia vingine, na kilichosikika ni "ilitolewa", njooni mnisahihishe. Bado natembea. Nitakwenda pale pale nikalisema upya.